Si Nasaha Hiyo

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu, Loishiye alikuwa amekaa juu ya pikipiki nje ya geti, kofia ngumu kichwani, injini imezimwa. Alikuwa ameaga kitambo. Chuo cha misitu anakofundisha hakiko mbali na nyumba yao, na barabara ya Olmotonyi siku hiyo ilikuwa kavu.

Kandida, mkewe, alimtazama kupitia dirisha la jikoni. Yeye naye alipaswa kuwa Usa River, kwenye shamba la waridi, anakokagua maua kabla hayajapakiwa. Alikuwa amepiga simu kazini kusema atachelewa. Alipoulizwa sababu, alisema tumbo.

Sababu yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi Aprili, Loishiye na mdogo wake Lesian walikata mkaratusi uliosimama mpakani mwa shamba la mama yao. Loishiye alishika msumeno wa mnyororo. Lesian alishika kamba, upande wa chini. Mti ulipoanza kwenda ulizunguka juu ya kisiki chake ukaangukia upande wa kamba. Lesian alifariki kabla gari halijafika. Loishiye amefundisha vijana kuangusha miti kwa miaka tisa, na hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyewahi kuumia.

Tangu siku hiyo alilala kidogo, alikula akiwekewa sahani mkononi, na alikwenda kazini mpaka getini. Kandida aliyachukulia yote hayo kuwa msiba, na msiba hauna ratiba. Kilichombadilisha mawazo kilikuwa swali. Jana yake jioni walikuwa wakichambua maharage, na Loishiye akauliza, kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi:

"Mtu akikata mti ukamwangukia mwenyewe, watu wataona ni ajali?"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

Kandida alichambua maharage mpaka yakaisha. Kisha alimpigia simu kaka yake Abdiel, mfanyabiashara wa vipuri Kijenge, aje na gari. Msumeno ulitoka stoo ukiwa ndani ya gunia. Abdiel aliuliza kama umeharibika.

"Ndiyo," alisema Kandida.

Kwa hiyo Jumatatu hiyo alitoka nje, akashika usukani wa pikipiki. "Shuka. Tunaenda mjini."

Loishiye alishuka. Hakuuliza wanaenda kufanya nini. Hilo nalo lilikuwa geni. Mwanamume huyu zamani alikuwa akibishana hata na utabiri wa hali ya hewa.

Msaada walikuwa wameshautafuta. Mchungaji alikuja mara mbili, akasali vizuri, akasema Mungu hakosei. Mganga wa zahanati alitoa vidonge vya usingizi na kusema mgonjwa apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi. Hospitali ya mjini ilikuwa hatua iliyofuata kwa mantiki, na Kandida aliamini mantiki.

Pale mapokezi alieleza kwa ufupi. Mume wake amefiwa na mdogo wake, ameshuhudia kwa macho, halali, anahitaji mtu wa kuzungumza naye.

"Kuzungumza naye kuhusu nini?" aliuliza msichana wa mapokezi.

"Kuhusu hilo nililokwambia."

"Unamaanisha ushauri nasaha?"

Kandida aliyapima maneno. Ushauri, sawa. Nasaha, sawa. "Ndiyo, hiyo."

"Nyoosheni na korido hii mpaka mwisho. Mtaona benchi."

Mtu mzima yeyote nchini anajua maneno hayo mawili yakikaa pamoja hospitalini yanaelekea wapi. Kandida pia anajua. Asubuhi hiyo hakukumbuka. Alikaa kwenye benchi na mumewe, akaona watu wote pale wanatazama sakafu, akafikiri: hawa nao wamefiwa.

Mshauri alikuwa mama mchangamfu mwenye koti jeupe. Alifunga mlango, akawapa mikono wote wawili.

"Hongereni sana kwa kuja pamoja. Wanaume wengi hawakubali. Baba, nakupongeza."

"Asante," alisema Loishiye.

"Mna muda gani tangu mpate wasiwasi?"

"Tangu Aprili," alisema Kandida. "Tulipofiwa."

"Poleni sana. Marehemu alikuwa anatumia dawa?"

"Dawa gani? Mti ulimwangukia."

Mshauri aliandika kitu. "Lakini kabla ya hapo alikuwa anatumia dawa?"

"Dada, alikuwa mzima. Alikuwa amebeba kamba."

"Sawa mama, usihamaki, hapa hatuhukumu mtu. Tutaongea, tutapima, majibu yakitoka tutaongea tena. Baba, nipe kidole."

Loishiye alitoa kidole. Alikitoa jinsi ambavyo angetoa mkono mzima kama angeombwa. Kandida alikirudisha kwenye paja la mwenyewe.

"Hatujaja kupima. Tumekuja ushauri nasaha."

"Ushauri nasaha ndio huu, mama."

"Si huu. Ule mwingine."

"Upi mwingine?"

Kandida hakuwa na jina la ule mwingine. Mshauri alifikiri kwa nia njema kabisa, akasema hapo nyuma kuna daktari wa wagonjwa wa akili anayekuja mara moja kwa mwezi, na mwezi huu alishapita. Kisha akawapa kipeperushi na, kwa kuwa hakutaka waondoke mikono mitupu, kiboksi cha kondomu.

Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa mtu mmoja ambaye hakutazama sakafu. Alikuwa Nice, wa sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wao, amemleta shangazi yake kliniki ya sukari na kukosa mahali pengine pa kukaa. Alikitazama kile kiboksi.

"Bwana asifiwe, mama," alisema Nice.

"Amina," alisema Kandida.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, baba mdogo Lemomo aliingia uani na fimbo yake. Ni mdogo wa marehemu baba yake Loishiye, na katika ukoo ule ndiye anayesema neno la mwisho na mara nyingi la kwanza pia. Mama yake Loishiye, ambaye nyumbani wote wanamwita Yeyo, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda kando ya jiko la kuni kana kwamba hakutoka, ilhali aliyekwenda kumwita ni yeye.

"Shikamoo baba mdogo," alisema Kandida.

"Marahaba, mkwe. Kaa." Lemomo aliweka fimbo juu ya magoti. "Nimesikia mlikuwa mjini."

"Tulikuwa."

"Hospitali."

"Ndiyo."

"Na mmejijua?"

Kandida aliwaza kwa muda mfupi jinsi habari inavyopanda mlima kwa kasi kuliko gari. "Baba mdogo, hatukwenda kupima."

"Usione aibu, mke wa mwanangu. Hata mimi nilipima, walipokuja na lile hema." Alimgeukia Loishiye, na uso wake ulikuwa na unafuu wa kweli. "Kijana, ungesema mapema. Tulidhani kinachokukondesha ni yale ya mti. Kumbe ni haya. Haya yana dawa."

"Hatuna ugonjwa," alisema Kandida.

"Mtoto wa Lotta anazitumia miaka kumi sasa, ameoa, ana ng'ombe. Unakunywa asubuhi, basi."

"Baba mdogo. Nisikilize. Hatuna ugonjwa huo. Ni yale yale ya mti."

Lemomo alionekana amepokonywa kitu. "Ya mti hayana dawa," alisema.

"Ndiyo maana nikatafuta mtu wa kuzungumza naye. Haongei. Tangu Lesian—"

Yeyo alisimama. Alichukua sufuria ya maziwa, ambayo ilikuwa bado haijachemka, akaondoka nayo.

"Jina hilo halitajwi hapa," alisema Lemomo, bila ukali. "Unajua."

Kandida alijua. Alielezwa siku ya mazishi, tena kwa upole: mtu akiondoka, jina lake linaondoka naye; ukiliita unamsumbua yeye na unamuumiza mama yake. Mchungaji mwenyewe, aliyezaliwa kilima cha pili kutoka pale, alilisoma jina kaburini mara moja kwa sababu ibada inataka, na hakulirudia. Kwao Kandida, Kibosho, ni kinyume. Jina la marehemu hutajwa mpaka watoto wachoke, kisha hupewa mjukuu ili liendelee kutajwa. Alikuwa ameheshimu mila za ukweni katika mambo mengi, lakini hili aliliona kama kuziba bomba na kushangaa kwa nini maji hayatoki. Kwa hiyo chumbani, wakiwa wawili, alikuwa akilitaja makusudi. Kila alipolitaja Loishiye aligeukia ukutani.

"Basi na tuombe," alisema Lemomo, na wakaomba, na katika maombi yale Loishiye aliombewa uponyaji wa ugonjwa asiokuwa nao.

Abdiel, alipohadithiwa, alicheka mpaka akaegemea kaunta ya duka lake, kisha akaomba radhi, kisha akasema Kijenge washauri wamejaa. Alikuwa sahihi kuhusu idadi. Wa kwanza, mzee Sylvanus, aliwaweka kwenye makochi mawili yanayotazamana na kuuliza nani kati yao huanza kuomba msamaha. Alikuwa mshauri wa ndoa, na hata alipoelezwa kuhusu mti alisisitiza kwamba matatizo yote huanzia chumbani. Wa pili alikuwa kijana aitwaye Manase, mwenye suti na kipaza sauti ingawa chumba kilikuwa na watu watatu. Alimwambia Loishiye asimame aseme mara tatu kwamba yeye ni mshindi. Loishiye alisimama, akasema mara tatu. Kandida alimshika mkono wakaondoka.

"Angalau amesema kitu," alisema Abdiel.

"Abdiel, nitakupiga."

"Dada, mimi natafuta. Nikitafuta gia boksi napata. Hiki hakina namba."

Hatimaye aliyemwelekeza alikuwa muuguzi wa pale pale shambani Usa River, anayewafunga bendeji wachuma maua. Alimsikiliza Kandida mpaka mwisho, akasema neno analotafuta ni mwanasaikolojia, na aombe hivyo hivyo, bila nasaha ndani yake. Yupo mmoja Kijenge, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Anaitwa Anande, Mmeru wa huku huku, amesomea kazi hiyo. Muuguzi mwenyewe alimwendea baada ya mwanawe kugongwa na lori.

Walikwenda Jumatatu iliyofuata. Loishiye alikuwa amekonda kiasi kwamba mkanda ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Chumba kilikuwa kidogo, chenye viti vitatu vya plastiki na pazia lisilofika chini. Anande alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Hakusali, hakupongeza. Aliuliza nani angependa kuanza, na Loishiye alipokaa kimya hakuharakisha. Kandida alianza kuona matumaini, na kwa tahadhari akayarudisha chini.

"Kaka Loishiye," alisema Anande baadaye, "nimeelezwa na mkeo kilichotokea. Ningependa kumfahamu aliyefariki kupitia kwako. Tuanze na jina lake. Nitajie jina lake."

Loishiye alitazama dirisha.

"Ni jambo gumu, najua. Lakini mara nyingi kulitaja jina ndiyo hatua ya kwanza. Chukua muda wako."

Loishiye alisimama, akaenda mlangoni, akashika kitasa.

Kandida aliona safari yote ikiishia pale: mchungaji, vidonge, kondomu, kipaza sauti, na sasa mtu sahihi, aliyesoma, na swali moja lisilo sahihi. Na alijua kwamba mumewe akitoka mlango ule hatapanda ngazi nyingine.

"Halitajwi," alisema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Dada, kwao jina la marehemu halitajwi. Haogopi, wala hakatai kukubali. Hawalitaji, basi. Na mimi nimekuwa nikimlazimisha usiku na mchana nikidhani namsaidia, kwa hiyo tuko wawili tuliokosea humu ndani, na yeye ndiye anayeondoka."

Anande alivua miwani. "Sikulijua hilo. Tunaishi mlima mmoja na sikulijua."

"Sasa umejua."

"Kwa hiyo wakitaka kumzungumzia wanasemaje?"

"Hawamzungumzii," alisema Kandida.

"Tunamzungumzia," alisema Loishiye.

Wote wawili walimtazama. Bado alikuwa ameshika kitasa.

"Tunasema mdogo wangu," alisema. "Inatosha. Nilikuwa naye mmoja."

Anande hakumwambia akae. Alisema tu, "Niambie kuhusu mdogo wako."

Loishiye alianza kueleza akiwa amesimama, kama anavyosimama darasani. Alieleza mkato wa kwanza, unaouonyesha mti pa kuelekea, na mkato wa nyuma, na ule ukanda wa mbao unaoachwa katikati ili mti uiname polepole kama mlango kwenye bawaba. Alieleza upepo, ambao haukuwepo. Kandida alitaka kumwambia afupishe, akajizuia. Kwa muda wote tangu Aprili hakuwa amesikia sentensi nyingi kiasi hicho zikifuatana.

"Kabla ya kukata unaugonga kwa kisogo cha shoka," alisema Loishiye. "Mti mzima unalia kama jiwe. Uliooza ndani unalia kama debe. Wanafunzi nawaambia, ukilia kama debe acha, hata kama bosi anakusubiri. Ile bawaba haitashika." Aliacha kitasa. "Niliugonga. Ulilia kama debe."

Kandida hakuwa amelijua hilo.

"Mdogo wangu naye alisikia. Akaniuliza, 'Vipi, mwalimu?' Alikuwa ananiita mwalimu kunitania. Nikamwambia, 'Shika kamba.'"

Chini, dukani, mtu alikuwa akiuliza bei ya rula. Anande alisubiri.

"Watu wamekwambia nini kuhusu siku hiyo?"

"Kwamba ni ajali. Kwamba ni mapenzi ya Mungu. Kwamba nisijilaumu."

"Na wewe unasemaje?"

"Nilikosea."

"Ndiyo," alisema Anande. "Kwa jinsi ulivyonieleza, ulikosea."

Kandida alifungua mdomo. Hakuwa amemleta mumewe mpaka Kijenge ili aje kuambiwa hivyo. Lakini Loishiye alikuwa amerudi kwenye kiti, amekaa, mikono imelala juu ya magoti, na alikuwa analia bila kujificha, mtu aliyesimama wima mazishi mazima.

"Hakuna aliyenikubalia," alisema baadaye. "Kila nikitaka kusema, wananiambia ni ajali."

"Ulikosea, na hukukusudia," alisema Anande. "Yote mawili ni kweli. Tutayazungumza yote mawili, na itachukua muda mrefu. Ila kwanza nikuulize jambo moja waziwazi. Umefikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Unajua kwa njia gani?"

"Kwa mti."

"Bado unafikiria?"

"Leo asubuhi, ndiyo. Sasa hivi, sijui."

Alisema hayo kama anavyosoma kipimo cha shina. Kandida aliangalia pazia lisilofika chini. Swali la maharage lilikuwa limepata jibu lake, na jibu lilikuwa lile lile alilolijua.

Anande hakushtuka. Aliuliza vifaa viko wapi, na Kandida akasema haviko nyumbani. Aliuliza wazo hilo likirudi kabla hawajaonana tena atamwambia nani, na Loishiye akafikiri kwa dhati, akasema mke wangu, kisha akaongeza, "Lakini asinijibu kwamba ni ajali."

"Sitajibu hivyo," alisema Kandida.

"Wala asitaje jina."

"Sitataja."

Anande alichukua namba ya simu ya Kandida, akampa Loishiye yake, akamwambia apige saa yoyote, hata ikiwa ni ya ibada. Alitaka pia aonwe na daktari wa wagonjwa wa akili mapema, na kwa hilo alipiga simu mwenyewe, mbele yao, na kumbana mtu wa upande wa pili mpaka akapata nafasi wiki ile ile. Kandida, aliyeambiwa kwamba daktari hupita mara moja kwa mwezi, alisikiliza mazungumzo hayo kwa hasira ya aina mpya.

Kisha wakapanga Alhamisi saa tatu. Kandida alisema atamleta. Loishiye alisema atakuja mwenyewe. Walibishana ngazini mpaka chini, na Loishiye akashinda. Kandida hakuwa ameshindwa na mumewe katika ubishi tangu Machi.

Jumanne alimwambia wazo limerudi. Alimwambia akiwa amesimama kwenye mlango wa banda la ng'ombe, na Kandida aliweka ndoo chini akakaa naye mpaka likapita. Hakusema ni ajali. Hakusema chochote, jambo lililomgharimu.

Baba mdogo Lemomo alikuja Jumatano kuuliza kama dawa zimeanza kufanya kazi. Kandida alisema zimeanza.

Alhamisi Loishiye aliondoka mapema kwa pikipiki. Kandida alisimama getini mpaka sauti ya injini ikaisha, kisha akaenda Usa River kwa sababu tumbo lilikuwa limeshauma mara nyingi mno. Saa tatu alikuwa kwenye chumba cha baridi, anapima mashina ya waridi. Saa tatu na robo alimpigia mumewe. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Alifunga vibaya waridi nyekundu kumi na mbili, akazifungua, akazipanga upya. Msimamizi alimwuliza kama anaumwa, akasema hapana, anafanya kazi, kama anavyoona.

Saa tatu na dakika ishirini na tano simu ilitetema mfukoni mwa koti. Ilikuwa meseji ya Anande, neno moja.

"Amefika."